Kidole Gumba

Kliniki iko ghorofa ya pili, Dandora, nyuma ya soko,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Nimepanda na kasha langu la mawe ya mizani,
kila jiwe limelala katika tundu lake la kitambaa.
Nayashika kwa glavu. Hata mafuta ya ngozi yana uzito.

Sista Nzisa ananionyesha mizani ya watoto,
beseni jeupe, mshale mwekundu.
"Hii haina shida," anasema. "Tazama, iko kwenye sifuri."
Ni kweli. Ikiwa tupu, haidanganyi.

Naweka kilo moja. Mshale unapita moja kidogo.
Naweka mbili.
Naongeza nusu, nainama hadi jicho liwe sawa na mshale,
nazuia pumzi, nasubiri utulie.
Kilo mbili, gramu mia sita na themanini.
Natoa. Naweka tena. Ni ileile.

Baba yangu aliuza viazi Marikiti
na kidole gumba chake kilikuwa sehemu ya mizani.
Nilikiona nikiwa mdogo, kimekaa ukingoni
kama kimechoka tu, kama kinapumzika.
Jioni, akihesabu pesa, hakunitazama.
Lakini baba alijua amezidisha kiasi gani.

Hapa hakuna aliyeweka kidole.
Ni springi tu, imezeeka,
imebeba watoto wa watu tangu mwaka juzi
na mwishowe ikaanza kuwasifu.

Sista amenyamaza. Anavuta daftari la uzazi,
rula, kalamu nyekundu.
Mbili nukta tano tano. Mbili nukta sita.
Wale waliovuka mstari wa kilo mbili na nusu
kwa gramu zisizokuwepo,
wakafungwa shuka, wakaambiwa hongera, wakaenda nyumbani.
Anatoa kwa kichwa, midomo ikicheza.
Kumi na tisa, na bado hajatoka Machi.

Anapiga simu ya kwanza. Mteja hapatikani.
Ya pili inaita.
"Mama Kerubo? Hapana, hakuna ubaya.
Mtoto ananyonya vizuri?"
Anasikiliza muda mrefu, kalamu hewani.

Natoa stika nyekundu, ISITUMIKE,
naandika tarehe, natia sahihi,
naibandika ukingoni mwa beseni,
naikandamiza kwa kidole gumba ishike.

Mshale unapanda.