Maneno Mia Tatu

Fomu inauliza: Kwa nini unaomba utarajali wa lishe
katika chuo kikuu chetu?
Maneno yasizidi mia tatu.
Nimeandika, "Tangu utotoni nimekuwa na shauku,"
nikafuta.
Utotoni nilikuwa na njaa ya saa nne asubuhi,
na bibi alinipa ming'oko ya jana,
imepoa, chumvi imeshika kwenye maganda.

Duka la Chinguile, hapa Newala, lina kompyuta mbili.
Moja inafanya kazi.
Nyuma yangu kuna mtu na hati ya kiwanja,
anataka nakala nne.
"Dada, bado?"
Bado.

Mjomba Nangope aliniuliza juzi, mbele ya wageni:
miaka minne chuoni, kumbe unasomea kupika?
Wakacheka. Nami nilicheka,
kisha nikaosha vyombo kwa hasira.

Kipengele cha nne: Uzoefu.
Miezi mitano, kliniki ya Kitangari.
Mizani ya kuning'iniza kwenye boriti,
utepe wa kupimia mkono: kijani, njano, nyekundu.
Nimepima mikono mia mbili na kumi na saba.
Fomu inataka idadi tu, idadi ninayo.
Haina kisanduku cha mkono wa Twalibu
uliosimama kwenye nyekundu,
nami, kwa sauti ya darasani, nikamwambia mama yake:
mpe yai moja kila siku.

Somoe hakukasirika. Ndicho kilichoniuma.
Alikaza kanga mgongoni, akasema taratibu,
"Kuku ninaye, anataga.
Yai la Jumatatu ni sabuni.
La Jumatano ni daftari la dada yake.
La Ijumaa ni ndoo ya maji, na maji ya huku unayajua.
Haya, wewe uliyesoma, chagua:
tuache lipi?"

Jedwali langu la vyakula lina protini, chuma, zinki.
Halina safu ya sabuni.
Hata ming'oko sikuiona humo,
nilipekua mara mbili.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake bila utepe.
Safari hii nilifunua chungu kabla ya kufungua mdomo.
Muhogo. Kisamvu cha chumvi na maji.
Na kwenye kona, ndani ya kiroba,
korosho zilizokataliwa kwenye mzani wa chama,
ndogo, zenye madoa, za kuwatupia watoto wachezee.
Tulizichoma uani, moshi ukatufukuza mara tatu.
Tulizibangua, tukatwanga konzi moja,
tukaikorogea kwenye uji.
Twalibu alilamba kijiko, akakishika,
akakataa kukirudisha.

Aliongezeka gramu mia mbili.
Kisha malaria ikachukua mia.
Hilo niliandike, au nilifiche?

Ada ya maombi: shilingi elfu ishirini.
Pesa ya baba ya mnada wa pili bado "iko njiani",
wiki ya tano sasa, sijui inatembea kwa miguu.
Nimekopa kwa shangazi.
Kwa bei ya Somoe, yai mia nne,
hii ada ni mayai hamsini.
Nimepiga hesabu hiyo na sikuweza kuifuta kichwani.

Mwisho wa kupokea maombi ni leo saa sita usiku.
Umeme ulikatika saa tisa, ukarudi saa kumi na nusu,
na nusu ya barua haikurudi nao.
Nimeiandika upya, fupi kidogo, kavu kidogo.
Kompyuta inahesabu: mia tatu na kumi na mbili.

Naondoa "kwa moyo wote".
Naondoa "kujituma na kujitolea".
Naondoa "ndoto yangu ya siku nyingi".
Natafuta mengine mawili ya kutoa.
"Dada, bado?"
Malaria inabaki. Kijiko kinabaki.
Natoa "hakika" na "sana".
Sabuni nimeiacha palepale,
mstari wa kwanza.