Vidonge vya Karanga

Daktari alimwandikia Ouida vidonge vyeupe,
viwili asubuhi, viwili usiku,
akamkataza wali, mkate, viazi, na pai.
Pai! Ouida, aliyetwaa utepe wa bluu
mara sita kwenye maonyesho ya kaunti.
Tulirudi nyumbani hatusemezani,
yeye ameupakata mkoba wake kama mtoto wa kuazima.

Mimi nimelima karanga miaka arobaini na mmoja
katika udongo mwekundu wa kusini mwa Alabama.
Nimezing'oa, nimezipindua mizizi juu zikauke,
nimezipima kwa tani, nimezikosea bei,
ila sijawahi, Mungu shahidi, kupika hata yai.
Mgonjwa haulizwi uji, husema watu.
Ouida usipomuuliza, atakuambia mwenyewe.
"Doyle," alisema, "nataka kitu kitamu."
Basi.

Shamba tumeliuza. Karanga alinipa kijana wa akina Tolbert
aliyelinunua: kilo mbili, ndani ya foronya.
Hakutaka pesa, nami sikutaka kumshukuru mno.
Nilizikaanga hadi jiko likanukia Oktoba,
nikazifikicha viganjani, maganda yakapeperuka,
mengine yakanasa kwenye nyusi.
Kisha mashine.

Kwanza huwa unga. Halafu huwa tonge gumu
linalozunguka likigonga kuta
kama kiatu ndani ya mashine ya kufulia.
Hapo ndipo mtu hukata tamaa akaongeza mafuta.
Usiongeze. Zima, kwangua, washa, ngoja.
Subira huvuta heri; yangu ilivuta mafuta:
ghafla tonge likalegea, likang'aa,
likaanza kutiririka lenyewe,
kama mtu aliyenuna siku tatu
akakumbuka jambo la kuchekesha.

Mara ya kwanza nilitia sukari ile isiyo sukari,
ile inayoacha ubaridi ulimini kama umelamba dirisha,
vijiko sita, maana sita ndivyo angetia yeye.
Alikula. Akasema, "Vizuri."
Akasema tena, "Vizuri."
Siku ya kufua nilivikuta vinne
mfukoni mwa aproni yake,
vimefungwa kwenye karatasi laini
kama meno ya mtoto.

Sikumwambia kitu.
Mara ya pili nilipunguza, nikaongeza unga wa lozi,
mafuta ya nazi kidogo, kakao chungu,
nikaviringisha, nikavilaza kwenye friza.
Mfukoni, safari hii, nilikuta kimoja.

Mara ya tatu alikuja akasimama mlangoni,
ameegemea fimbo, ananitazama vidole.
Siri ya pai yake hajampa mtu,
hata Nelda, nduguye wa tumbo moja,
aliyemwomba akiwa kitandani, mashine zikimpumulia.
"Chumvi," alisema.
"Nimetia."
"Umetia ya mtu mwoga. Tia tena."
Nikatia.
"Tena. Sukari hupiga kelele tu, Doyle.
Chumvi ndiyo inayomwita mtu kwa jina lake."
Akageuka akaenda zake kutazama mvua,
na mimi nikabaki na kijiko hewani,
mtu aliyekabidhiwa hati ya nyumba
bila kuambiwa atie sahihi wapi.

Siku hizi ana vidonge vya aina mbili,
vya duka la dawa na vyangu.
Asubuhi hujichoma kidole, husoma namba kwa sauti,
nami huiandika kalendani kwa penseli,
pale pale nilipokuwa nikiandika mvua.
Namba nyingine huzipenda. Nyingine hapana.

Jana usiku nilisikia friza ikifunguliwa
taratibu, kwa mwendo wa mwizi anayeijua nyumba.
Nikageukia ukuta, nikakoroma kidogo kumsaidia.
Mlango ukafungwa.
Kimya.
Nikahesabu moyoni: kimoja.
Halafu mlango tena.