Ufungue

Joho la mahafali nililikodi kwa siku moja.
Jioni nikalirudisha, mikunjo na yote,
na Jumatatu nikashuka Bwaise na shahada yangu
ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kaveera,
maana mvua haimjui aliyefaulu.

Darasa la tano: watoto tisini na wanne,
vitabu kumi na kimoja. Kimoja hakina jalada
na ndicho wanachokigombania, kwa sababu
hakuna ajuaye kinaanzia wapi.
Ukutani, mstari wa matope, usawa wa kiuno changu.
"Huo ni wa Aprili, mwalimu," akasema Wandera,
kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni picha ya ndugu.
"Wa Novemba ule kule juu."

Kyambogo nilifundishwa kuandaa somo la dakika arobaini:
utangulizi, kiini, hitimisho.
Hawakuniambia kwamba kumi
ni za kuchota maji kwa makopo ya rangi
na tano za kumngoja Munguci,
aliyebaki nyumbani kuinua magodoro.

Basi nikaliweka andalio kando, nikaanza na tulichonacho.
Maji?
"Yameingia!"
Godoro?
"Limelowa!"
Viatu?
"Vimekwenda!"
Wakacheka mpaka madawati yakalia.
Wiki ile ngeli ziliingia kwa mlango uleule wa mafuriko
na hazikutoka.

Ila Nakigudde hakufumbua mdomo.
Wiki tatu. Anaandika vizuri, mwandiko wa kushona,
na kila nisemapo "rudia" anatazama mlango.
Nikamwita wakati wa uji.
"Jajja anasema lugha hii si ya kusoma.
Ilikuja usiku, imevaa buti.
Yeye analijua neno moja tu."
Lipi?
Akaniletea sikioni, kama anayerudisha kitu cha watu:
"Fungua."

Mimi ni wa Kasese, nina miaka ishirini na mitatu.
Kiswahili kwangu ni redio ya baba,
ni akina mama wa Mpondwe wakipimiana maharage
na kutukanana kwa adabu.
Usiku ule sikuwapo. Mlango ule siujui.
Chuoni ulichukua nusu ukurasa katika daftari langu
na mtihanini ulinipa alama nne.

Ahumuza akapiga simu kutoka benki, kwenye kiyoyozi:
"Mkataba wako unaisha lini?"
Nikamwambia mshahara wa mwezi wa pili haujaingia,
nikasahau kumjibu.

Kesho yake nikaliandika ubaoni, kubwa, peke yake:
FUNGUA.
Darasa zima likanyamaza.
Kumbe halikuwa la nyumba moja.

Hii, nikasema, na sauti yangu haikunitii,
hii ni amri. Haimtazami mtu.
Nikaifuta *a* ya mwisho kwa kidole, nikaweka *e*.
Nikatanguliza *u*.
Ufungue.
Hiyo *u* ni wewe. Sasa umo.
Anayesema hivi amesimama nje, anangoja,
nawe unaweza kukataa.

"Kweli unaweza kukataa?" Wandera tena.
Unaweza.

Akaandika hilo pia, ingawa halikuwamo ubaoni.

Ijumaa Nakigudde alichelewa.
Alisimama kando ya meza yangu, akakwaruza chaki kwa ukucha.
Jana, akasema, alifika nyumbani akabisha
na kusema kutoka nje, "Jajja, naomba ufungue."
Na bibi?
"Alinyamaza. Sufuria ikachemka mpaka ikamwagika, niliisikia.
Halafu akasema kwa Kiganda: rudia."
Ukarudia?
"Mara nne."
Sikuuliza kama mlango ulifunguliwa.
Alikuwa amevaa sweta iliyofuliwa,
kifungo kipya, rangi tofauti na vingine.

Saa sita mawingu yakakaa juu ya Kawempe.
Nilikuwa nimewapa mgongo, naandika tarehe,
nikasikia sauti nisiyoijua, nyembamba, kutoka dirishani:
"Mwalimu, mvua inakuja. Tuinue vitabu."

Tukaviinua. Tukavihesabu juu ya kabati:
kumi, na kile kisicho na jalada.