Mke Mwenza

Siku aliyoletwa, Twalib alichinja mbuzi.
Mimi alinioa kwa kuku wawili na ahadi.

Mweusi, mrefu, nyota kipajini,
na ndani ngozi laini kama viatu vya hakimu.
Mlango wake ukifungwa hausemi "pa!"
Husema "mh,"
kama bibi harusi anayejua mahari yake.

Mimi nina Probox, nyeupe zamani.
Nikiwasha, mwanamke wa Kijapani hunisalimu redioni,
maneno yale yale, mwaka wa sita huu.
Sijui anasema nini. Humjibu: marahaba.
Nyuma napakia ndoo za mahamri;
mbaazi za nazi zimemwagika mara mbili
kwenye tuta la Tononoka,
harufu haitoki, wala gari halinuni.
Likiumwa napita Ganjoni na elfu mbili kiganjani,
narudi na chenji
na bado nawahi maghribi.

Mwenzangu haumwi hivyo.
Mwenzangu huumwa kwa taa.
Leo ya njano, kesho nyekundu,
keshokutwa maandishi ya Kijerumani,
mpaka fundi Mwachiro achomeke kompyuta chini ya usukani,
asome, akune kidevu, avute kiti.
Na fundi akishavuta kiti, mwenye gari ajijue.
"Si ugonjwa, bwana. Ni kidude cha kupima ugonjwa."
Kidude: elfu thelathini na nane.
Kutoka Dubai. Kwa ndege.
Wiki tatu, inshallah.

Usiku mifuko yake ya hewa huishiwa pumzi;
asubuhi tunamkuta kapiga magoti
kama ngamia wa pwani ya Nyali anayengoja mtalii.
Chumvi ya Tudor nayo haijali nyota ya mtu,
imeshamla kucha.
Majirani wanapita na thermosi zao:
"Twalib, gari laswali?"
Twalib anacheka, jino moja tu.

Watu humwazima kwa harusi.
Anarudi na asumini kwenye vioo,
tangi kavu,
na asante.

Mimi kimya. Mke mkubwa hagombi barazani.
Lakini nahesabu. Unga nauhesabu, mafuta nayahesabu,
nitashindwa na lita nane za oili
za jina lisilotamkika?

Basi usiku mmoja umeme umekatika,
natoka kumtafuta, namkuta ndani yake,
kiti amekilaza, miguu mitupu, injini imezimwa.
Miaka ishirini na saba mtu huyu
amegonga mihuri karatasi za magari ya watu pale Kilindini.
Aliyajua yote kwa namba za injini,
akarudi nyumbani kwa miguu.
"Ingia," akasema.
Nikaingia na unga mikononi,
nikavuta mlango:
mh.

Jenereta la Mama Zuwena likazimika masikioni.
Mbwa wa ng'ambo wakazimika.
Hata joto, wallahi, lilibaki nje likituchungulia.
Nikasikia kitu ambacho sijakisikia miaka mingi,
pumzi ya mume wangu,
inaingia, inatoka,
haina haraka,
haidaiwi na mtu.

Hatukusema neno.
Unga ulibaki kwenye ngozi ile, alama za vidole vitano.
Hakuufuta.

Juzi mchezo wa kina mama umenifikia, elfu sitini.
Nilishalichagua jiko, la milango miwili, la kuoka.
Nikapita kwa Mwachiro.
"Agiza mifuko ya hewa," nikamwambia, "ya mbele tu.
Ya nyuma aendelee kusujudu.
Na Twalib akikuuliza, sema umeipata kwa rafiki."
Mwachiro akavuta kiti.
Nikamwambia, usivute kiti.

Alfajiri nimepakia ndoo zangu,
nimewasha Probox, imewaka kwa mara moja kama kawaida yake,
na yule bibi wa Kijapani akasema lake,
nami leo nikasikia kama ananicheka.

Nyamaza weye.
Hujaolewa.