Saba kati ya Kumi

Waraka kutoka Washington ulikuwa na kurasa nyingi,
nikausoma kama msimbo: kwa kusikiliza mapengo.
Kuanzia Februari, anayetaka leseni ya redio ya ridhaa
hatadaiwa tena lugha ya nukta na vistari.
Basi. Miaka ishirini na sita ya kutahini
katika ukumbi wa zimamoto, hapa Nebraska,
na kanda yangu ya mtihani sasa ni kanda tu.

Niliipiga kwa mara ya mwisho.
Maneno matano kwa dakika, mwendo wa ng'ombe
anayerudi zizini bila kufukuzwa.
Nyuma ya milio, ukitega sikio,
kuna sufuria inafunikwa. Niliirekodi jikoni,
na marehemu Eunice alikuwa anachemsha viazi.

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu unao, tena umekaa kombo.
Shuleni niliulizwa jina;
kengele ya mapumziko ikalia sijalimaliza.
Kisha mjomba Emil akanipa kibonyezo cha shaba,
na usiku uleule kidole kikalitaja jina langu lote,
bila kukwama, kwa mtu wa Manitoba
aliyedhani ndivyo ninavyosema siku zote.
Kule hewani nilikuwa msemaji.
Nilikuwa, Mungu anisamehe, mcheshi.

Ndiyo maana nilipopewa kulinda mlango
niliulinda kwa raha.

Ardith Pospisil, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa.
Saketi alizijua. Sheria alizijua.
Antena aliisimika mwenyewe juu ya ghala la mahindi.
Lakini F na L kwake zilikuwa mapacha
waliobadilishana kofia.
Mara nne alikaa mbele yangu,
mara nne akapata sita,
na kufaulu ni saba.
Mara ya nne penseli ilimvunjikia.
Ningeweza kumwongeza moja. Nani angejua?
Nilisema, "P-p-pole."
Akasema, "Asante, Verlyn," akavaa glavu,
akatoka kwenda kupangusa theluji kwenye kioo cha gari.

Wenzangu mkahawani wamenuna.
Wanasema nyumba isiyo na kizingiti huingiwa na maji.
Dwayne Tichota amejifunga kitambaa cheusi mkononi,
nusu mzaha.
Nilitikisa kichwa pamoja nao;
kichwa hakina kigugumizi.
Sikuwaambia kwamba wajinga siwaogopi.
Naogopa sauti.

Machi, Jumanne usiku, mita themanini:
mwanamke anaita, sauti pana isiyo na haraka,
anamwita yeyote anayesikia,
anataja herufi za leseni yake mpya
kama anayehesabu mitamba getini.
Nilimjua kabla hajafika ya mwisho.
Hakuna aliyeitika. Akaita tena.
Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye shaba,
ukarudi.
Kumjibu Ardith kwa vistari
kungekuwa kumtahini mara ya tano.

Maikrofoni ilikuwa ndani ya droo,
na waya wake bado umefungwa kwa kamba ya dukani.
Nikachomeka. Nikabonyeza.
"V," nikasema. "V. V."
Likakwama hapo, jina langu, baina ya meno na mdomo,
kama fundi anayejaribu mtambo kabla ya kazi.
Maana ndivyo wazee wa shaba walivyojaribu:
V, V, V, kwa yeyote, kwa hakuna mtu.

Nikaachia. Hewa ikakwaruza.
Nilihesabu sekunde; mtahini haachi kazi yake.

"Nimenakili herufi tatu," akasema Ardith.
"Bado nne, Verlyn, ufaulu.
Usikimbie. Ng'ombe wameshalala,
na penseli leo ninazo mbili."