Siku Tatu Jomvu

Baba alituahidi
siku tatu, si zaidi,
Jomvu, upepo baridi,
nyumba kongwe ya makuti.

Tukaacha ghorofani
runinga, feni, jirani,
tukabeba kikapuni
mahamri na chapati.

Mlangoni tukafika,
kitasa kikaitika,
akatupisha haraka
mtunzaji Mwanasiti.

"Yapita miaka mia,"
asema, akifagia.
Baba akashangilia,
akapapasa boriti.

Usiku mvua ikaja,
tone moja, tone moja,
pua ya baba, kioja!
Akajikinga kwa shati.

Mama kaweka bakuli,
sufuria zote mbili;
zikalia mbalimbali,
kila moja na sauti.

Baba, ambaye mjini
macho yake ni simuni,
alitwambia kwa nini
alivunja kile kiti.

Asubuhi, penye jua,
Swabra ataka kujua:
"Ni lini mlipaua?"
"Mwaka juzi. Na boriti."

"Na udongo wa ukuta?"
"Masika yakiupata
twakandika ulotota,
kila mwaka, kwa shuruti."

"Basi cha kale ni kipi?"
Baba akawa mfupi,
macho ayatupe wapi.
Akacheka Mwanasiti,

akamshika mkono
bila kumjibu neno,
vidole vyake vitano
kavitia katikati

ya kidaka chenye giza,
taa zilipofukiza
masizi waliyosaza
watu wasio na hati.

Leo Tudor, ghorofani,
nguo zote ni kambani
ila lenye kifuani
vidole vitano: shati.