Lebo Ndani ya Kola

Kila Alhamisi, sokoni Łódź,
nageuza kola za blauzi moja moja
kama daktari anayefunua kope kutafuta umanjano.
Wauzaji wananijua. Wanakonyezana:
kaja huyo, bibi wa lebo.

Sina ugomvi na mtu wa mbali.
Ugomvi wangu ulianza na birika la umeme
nililolinunua kwa bei ya mkate na siagi.
Lilipochemka mara ya tatu mpini ukalegea,
maji yakanuka raba,
na Wiesław, ambaye hajakataa chai tangu tuoane,
akasukuma kikombe pembeni bila neno.
Nikalirudisha dukani. Kijana akataka risiti,
kisha akaniuliza nilitarajia nini kwa bei ile.
Nilitarajia birika, mwanangu.

Halafu shingo ya mjukuu wangu, Jagna:
wekundu ukazunguka pale kola ilipogusa,
mstari mmoja, kama wa mtu aliyevishwa kamba.
Rahisi ghali. Mara hii gharama ililipwa na ngozi ya mtoto.

Mimi nilikuwa mfumaji. Miaka ishirini na sita,
mashine mia mbili katika ukumbi mmoja,
kelele hata tukajifunza kusoma midomo.
Mpaka leo Wiesław akinung'unika amenipa mgongo
sijui kitu; akigeuka tu, nimeyajua yote.
Pamba ilitutua kwenye nyusi,
tukitoka zamu tukiwa na mvi za miaka kumi na tisa.
Mcheza kwao hutuzwa, nasikia.
Sisi tulicheza kwetu, mchana na usiku,
tukatuzwa barua ya mistari minne
na vipande viwili vya sabuni.

Kiwanda sasa ni maduka.
Niliingia mara moja, nikahesabu nguzo,
nikasimama mahali pangu, nguzo ya tisa, kushoto.
Palikuwa na mashati yaliyovuka bahari,
mepesi, yanapitisha mwanga kama kitunguu.
Msichana akaniuliza kwa upole
kama nimepotea.

Basi Alhamisi iliyopita naona blauzi
yenye bendera ndogo kolani, nyeupe na nyekundu,
na maneno: imetengenezwa hapa.
Moyo ukaruka, wa kizee hivyo hivyo.
Lakini kucha yangu haidanganyiki.
Chini ya bendera, nyuzi nne zilizokatwa,
ncha za lebo ya kwanza iliyong'olewa.
Nikamwonyesha mwenye mali.
Akaanza kuyatazama mawingu.

Meza ya mwisho, jirani na pipa la matango ya kuchachusha,
palining'inia nyingine, kitani, rangi ya maziwa.
Mshono maradufu. Pindo limelala, halina papara.
Kila kifungo kimezungushiwa uzi shingoni
vilevile alivyotufunza bi mkubwa Eulalia, kwa rula vidoleni.
Nikageuza kola: hakuna kitu.
“Nani kashona?”
Mwanamke akajigusa kifua.

Anaitwa Hằng. Alikuja kutoka Haiphong
mwaka ule ule kiwanda chetu kilipofungwa milango.
Vyumba viwili nyuma ya karakana ya tramu,
cherehani tatu, moja alinunua kwenye mnada wetu.
Nilimwuliza namba yake. Aliijua kwa moyo.
Mwanawe ni mzimamoto wa mji huu.
Anazungumza akivuta maneno kama watu wa mtaa wangu,
kama mama yangu alivyoyavuta.

“Mbona huweki lebo?”
Alikunja blauzi, mkono wa kushoto, kisha wa kulia.
“Nikiandika imetengenezwa hapa,
wanasoma, wananitazama usoni,
wanacheka, wanairudisha.”

Mimi niliyegeuza kola miaka yote ile
sikujua nitazame wapi.

Bei yake ilikuwa mara tatu ya zile za bendera.
Nilifungua pochi.
Nikamwomba apunguze kidogo, kidogo tu,
na yeye akakataa kwa sauti, kama desturi,
tusije tukaonekana wageni.